Kukuza Kikundi cha Baleti Kigoma: Sakafu, Maleba na Meli Iliyoibuka Ziwani

Vikundi vya sanaa kutoka Kasulu, Uvinza na hata Tabora vimekuwa vikiniuliza namna kikundi chetu cha baleti hapa Kigoma Ujiji kilivyokua, kutoka darasa la watoto wachache katika chumba cha kuazima hadi kuandaa onyesho zima la jioni lenye wachezaji wa rika mbalimbali, wapiga ngoma na mafundi wa jukwaa. Mimi si mchezaji. Miaka yangu ya kazi niliitumikia kama mhasibu, na katika kikundi hiki nimekuwa mweka hazina na mratibu wa maonyesho tangu mwanzo, kwa hiyo nitakayoyaeleza yanatoka kwenye daftari la fedha na kwenye benchi la nyuma ya jukwaa, mahali ambapo mtu huona vizuri ni kitu gani kinakijenga kikundi na ni kitu gani kinakidhoofisha. Ninachokiamini baada ya miaka hii ni kwamba darasa la kila wiki ndilo kikundi chenyewe, na kwamba onyesho linalolizidi darasa nguvu hukimaliza kikundi hata kama ukumbi ulijaa na watu walishangilia.

Mwalimu wetu ni binti wa Mwanga, hapa hapa mjini, aliyesomea sanaa za maonyesho Bagamoyo, kisha akajifunza baleti Dar es Salaam kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani kumuuguza mama yake. Alianza na watoto wa majirani, Jumamosi mchana, katika darasa la shule tulilopewa kwa hisani. Hapakuwa na kioo wala bomba la kushikia, na watoto walishika migongo ya viti. Baleti ina mikao mitano ya miguu iliyopangwa rasmi Ufaransa katika karne ya 17, zama zile ambazo mfalme Louis XIV alianzisha akademia ya kifalme ya dansi, mwaka 1661, na kila mwanafunzi, awe wa Paris au wa Katubuka, huanzia hapo. Wazazi waelezwe jambo hili mapema: mwaka wa kwanza mtoto hukunja magoti, hunyoosha unyayo, hujifunza kusimama wima bila kukaza mabega, na huonekana kama hajifunzi kitu. Tulipoteza watoto wazuri kwa sababu tu hakuna aliyewaambia wazazi wao kwamba polepole ile ndiyo kazi yenyewe.

Tatizo kubwa la kwanza lilikuwa sakafu. Mchezaji wa baleti huruka na kutua mara nyingi katika kipindi kimoja, na saruji haipokei uzito huo hata kidogo, bali huurudisha wote kwenye mguu. Baada ya miezi michache watoto wakubwa walianza kulalamika maumivu ya miundi, na mzazi mmoja ambaye ni muuguzi akatuonya kwamba maumivu ya namna hiyo yakipuuzwa huweza kuishia kwenye ufa katika mfupa. Mwalimu alisimamisha miruko yote siku hiyo hiyo. Haukuwa uamuzi mwepesi, maana miruko ndiyo watoto wanayoipenda na ndiyo wazazi wanayoitambua kuwa ni dansi, lakini alisema hataifundisha tena mpaka tupate sakafu ya mbao inayonesa.

Nieleze sakafu hiyo kwa urefu, kwa kuwa ndiyo ninayoulizwa zaidi. Fundi seremala wa Gungu alitutandikia mbao za mbili kwa mbili juu ya vipande vya sponji ngumu, ili mbao zisigusane na saruji moja kwa moja. Juu yake akaweka tabaka mbili za plaiwudi, ya juu ikikingama na ya chini ili maungio yasikutane, akakaza kwa skrubu na si kwa misumari, kwa sababu msumari hupanda juu kadiri mbao zinavyocheza na mwishowe huchana unyayo. Eneo letu lilikuwa futi 24 kwa futi 20. Plaiwudi moja ni futi 8 kwa futi 4, hivyo kila tabaka lilikula vipande 15, na tabaka mbili 30. Pamoja na mbao, sponji, skrubu, dawa ya mchwa na ufundi, gharama ilifika takriban shilingi milioni tatu. Tusingeweza kuzipata kwa mara moja. Tulinunua plaiwudi chache chache na kuzihifadhi sebuleni kwangu. Mambo mawili fundi aliyasisitiza nami nayarudia: acheni nafasi ya kidole kati ya sakafu na ukuta, kwa kuwa mbao hutanuka wakati wa masika, na msipake vanishi inayong'aa, kwa kuwa mtoto atateleza. Plaiwudi ile nyeusi yenye uso laini inayotumiwa kumwagia zege nayo haifai kwa sababu hiyo hiyo. La tatu lilitokana na tahadhari yangu mwenyewe ya kihasibu: sakafu tuliifunga kwa vipande vinavyofunguliwa kwa boliti. Shule ilipolihitaji darasa lake tulihamisha sakafu yote kwa guta, na hatukupoteza hata ubao mmoja.

Baba mmoja wa Kibirizi, mvuvi wa dagaa, alisimama kwenye kikao cha wazazi akauliza, "Mwalimu, fedha hizi si mngewanunulia watoto nguo za kuchezea? Mtu atakuja kutazama mbao?" Mwalimu alimjibu kwa heshima, "Baba, nguo tutazipata. Magoti ya mwanao akiyaharibu kwangu, mimi siwezi kumnunulia mengine." Yule baba alikaa kimya, kisha wiki iliyofuata akaleta mchango wake, na mpaka leo ndiye anayeongoza wanaume wa kupanga na kupangua jukwaa.

Ratiba ilitufundisha kuuheshimu mji. Kigoma Ujiji watoto wengi huenda madrasa jioni, wengine wana kwaya Jumamosi, na karibu wote wana kazi za nyumbani kabla ya giza. Kikundi kinachopanga vipindi bila kuuliza kwanza hayo kitabaki na watoto wa familia chache zenye nafasi. Tulikaa na walimu wa madrasa mbili zilizo karibu, tukapanga saa ambazo hazigongani, na kuhusu mavazi tukakubaliana mapema kuwa suruali ndefu ya kubana kiasi, fulana ya mikono mirefu na mtandio uliofungwa vizuri vinatosha kabisa kwa mazoezi, mradi mwalimu aone magoti na vifundo vya miguu vinavyofanya kazi. Hakuna hatua ya baleti inayohitaji mtoto avue stara yake. Tuliandika pia kanuni kwamba hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto chumbani, kwamba mwalimu huomba ruhusa kabla ya kumgusa mtoto kumrekebisha mkao, na kwamba baada ya mazoezi ya jioni kila mtoto huchukuliwa na mtu aliyeandikwa daftarini. Wazazi waliokuwa na wasiwasi na dansi ya kigeni walituamini kwa sababu ya kanuni hizi kuliko kwa maneno yoyote tuliyowaambia juu ya uzuri wa sanaa.

Onyesho letu la kwanza lilikuwa la dakika chache tu, mchana, mbele ya wazazi, likiwa darasa lenyewe lililopangwa vizuri. Lilitosha. Lakini makofi hutia tamaa, na mwaka uliofuata kamati yetu ikaamua kuandaa The Nutcracker. Baleti hiyo ya hadithi ya Krismasi, yenye muziki wa mtunzi Mrusi Tchaikovsky na iliyochezwa mara ya kwanza St. Petersburg mwaka 1892, hutegemewa na vikundi vingi vya Marekani kila Desemba, kwa sababu sehemu yake ya kwanza ni sherehe ya familia yenye nafasi za watoto wengi, na kila mtoto aliye jukwaani huleta wazazi na ndugu wanaolipa kiingilio. Hesabu hiyo ilituvutia sana, nami nikiwa mweka hazina niliiona kuwa hesabu nzuri.

Ila hesabu hiyo ilikuwa ya miji yenye kumbi na baridi ya Desemba. Desemba ya Kigoma ni mvua, na ukumbi tuliolipia arbuni ulikuwa na paa la bati bila dari, hivyo mvua ilipokolea sehemu ya pili haikusikika hata kidogo, spika zikiwa wazi hadi mwisho. Umeme ulikatika mara mbili, na jenereta ya kukodi ilikula mafuta zaidi ya tulivyotenga. Vitambaa vya maleba vilitoka Dar es Salaam kwa sababu mwongozo tuliokuwa tukiufuata ulitaka theluji na peremende. Fedha za viingilio hazikufikia gharama, na deni la fundi cherehani tulilimaliza katikati ya mwaka uliofuata. Hata hivyo deni halikuwa hasara kubwa kuliko zote. Kwa miezi mitatu darasa lilikuwa limegeuka kuwa mazoezi ya onyesho. Wakubwa wakirudia hatua walizokuwa hawajaziweza, na wadogo wakikaa kwenye benchi wakisubiri dakika yao moja. Januari ilipofika wengi wa wadogo hawakurudi, na mwalimu alipowapima wakubwa akakuta magoti yaliyokuwa yameanza kunyooka yamelegea tena, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amejifunza kuficha udhaifu wake ili onyesho lipite.

Tulikaa mwaka mzima bila onyesho kubwa. Ndani ya mwaka huo mwalimu alitengeneza jedwali ambalo ningependa kila kikundi kiwe nalo: kwa kila darasa, mambo ambayo watoto wote, na si wawili hodari, wanaweza kuyafanya vizuri hata wakiwa wamechoka. Wadogo waliweza kutembea kwa mapigo, kukimbia na kusimama ghafla pamoja, kuinama na kuinuka taratibu. Wa kati waliweza miruko midogo na kubadilisha mistari bila kugongana. Wakubwa walikuwa na mizani nzuri ya mguu mmoja na mikono yenye utulivu. Kulikuwa pia na vijana wa kiume waliokuja kwetu kutoka vikundi vya ngoma, wenye nyayo nzito na masikio makali. Ndipo tukatafuta hadithi inayolingana na jedwali hilo, na hadithi ilikuwa hapa hapa bandarini.

MV Liemba kila mtu wa Kigoma anaijua, lakini watoto wengi hawakujua imefikaje. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kufungwa makasha, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kuletwa kwa Reli ya Kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Iliunganishwa hapa na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi; Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Kila tukio hapo lina mwendo wake. Wa kati walikuwa wapagazi wa makasha, kwa mistari inayovunjika na kuungana. Vijana wa ngoma walikuwa mafundi wa kugonga ribiti, na nyundo zao ndizo zilizobeba mapigo. Wadogo walikuwa mawimbi, wakibeba vitambaa virefu vya buluu vilivyoshikwa pembeni na wazazi. Kuzama na kuibuka kulichezwa na wakubwa, bila mruko hata mmoja, kwa kushuka na kupanda taratibu kunakohitaji nguvu ya miguu ambayo walikuwa nayo tayari. Hatukutengeneza meli ya mbao. Meli ilikuwa miili yao. Onyesho lote lilikuwa la dakika 45, na darasa la kila wiki halikusimama hata mara moja, kwa sababu hatua za onyesho zilikuwa hatua za darasa.

Muziki tuliupiga wenyewe. Shule kubwa za baleti huwa na mpiga piano darasani, na tulipomkalisha mzee mmoja mpiga ngoma kwenye vipindi vyetu tuliona tofauti mara moja, kwa kuwa ngoma humsubiri mtoto anayetua na spika haimsubiri mtu. Mwanzoni ilibidi mwalimu na mzee waelewane, maana hatua nyingi za baleti huhesabiwa kwa nane, na yeye mapigo yake mengi yalikwenda kwa tatu tatu. "Mwanangu," mzee alimwambia, "wewe nionyeshe mguu unashuka wapi, hesabu niachie." Walielewana kwa njia hiyo. Kulikuwa na faida nyingine: umeme ukikatika onyesho linaendelea. Na wale wanaotaka kutumia muziki wa kurekodiwa wafahamu kwamba hata kama mtunzi amekufa zamani, kama Tchaikovsky aliyefariki mwaka 1893, sauti iliyorekodiwa na okestra fulani ina haki zake yenyewe, na mahali pa kuuliza ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya onyesho.

Tarehe ya onyesho tuliichagua kwa mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali hubaki nyumbani kwa kuwa taa zao hazina nguvu ya kuwavuta samaki. Wazazi wetu wengi ni wavuvi, wachuuzi wa dagaa au wenye mitumbwi. Kwa hiyo onyesho huwekwa siku za mwezi mpevu, kati ya Juni na Agosti wakati hakuna mvua, kabla ya mtihani wa darasa la saba wa Septemba. Tangu tulipofanya hivyo hatujahitaji ukumbi wa bati. Tunacheza uwanjani, jukwaa likiwa sakafu yetu ile ile iliyofunguliwa na kufungwa upya.

Usiku wa kwanza wa Liemba bibi mmoja wa Ujiji aliomba kuja nyuma ya jukwaa. Aliwaambia watoto, "Wajukuu zangu, mmecheza vizuri, lakini hamjaonyesha watu wanavyopanda. Mimi nimekwenda nayo hadi Kasanga. Meli inasimama katikati ya maji, mitumbwi inakuja kuizunguka, watu wanarushiana mizigo, mama anampitisha mtoto juu kwanza kisha anapanda yeye." Mwaka uliofuata mandhari hiyo ikaongezwa, na leo ndiyo inayoshangiliwa zaidi. Onyesho limekuwa likikua hivyo, kwa kuongezwa sehemu moja kila mwaka kadiri darasa linavyoongeza uwezo, badala ya kuanza kazi mpya kila msimu.

Kuhusu vibali, anzeni mapema. Kikundi husajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na njia nyepesi ni kuanza na barua ya serikali ya mtaa, kisha afisa utamaduni wa halmashauri, ambaye kwetu amekuwa msaada mkubwa. Makubaliano ya ukumbi au uwanja yawe kwa maandishi, yakitaja saa za mazoezi ya mwisho na si saa za onyesho pekee.

Kwenye fedha nina kanuni moja ambayo kamati imenivumilia nayo: bajeti ya onyesho hupangwa kana kwamba kiingilio kitakuwa sifuri. Kinachotumika ni kile kilichopo mkononi, na kiingilio kikipatikana huingia kwenye darasa la mwaka unaofuata. Ada ya mwezi ni ndogo na asiyeweza hulipa kwa kazi. Mwaka 2024, shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilipositishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, nusu ya wazazi hawakuwa na ada kabisa, na kama tungekuwa tumekopa kwa ajili ya onyesho, kikundi kingekufa mwaka huo. Kilichotushika ni akina mama washonaji. Walikuwa wamejisajili kama kikundi chao kupitia idara ya maendeleo ya jamii, wakapata mkopo usio na riba kutoka ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kwa cherehani zao hushona sare za shule mwaka mzima. Marejesho hutoka kwenye sare. Maleba yetu huyashona kwa bei ya kitambaa tu, kwa kaniki, kitenge na shuka, na huyatunza sandukuni kwa vipimo vilivyoandikwa.

Viatu vya ncha, vile vinavyomwezesha mchezaji kusimama juu ya vidole, vimeniletea machozi ya wasichana wengi kuliko jambo lolote. Mfadhili mmoja alitutumia boksi la viatu vilivyotumika, na mwalimu alikataa kuvigawa. Ncha ya kiatu hicho hutengenezwa kwa tabaka za kitambaa na gundi zinazolegea kwa jasho na kuchukua umbo la mguu wa aliyekivaa, hivyo mguu mwingine ukiingia humo haushikiliwi inavyotakiwa. Mtoto naye hafai kuvivaa kabla ya kufikia umri wa miaka 11 au 12 hivi na kabla ya miaka kadhaa ya mazoezi ya kifundo cha mguu. Hadi sasa onyesho letu lote huchezwa kwa viatu vyepesi au pekupeku, na hakuna mtazamaji aliyewahi kuuliza sababu.

Tumesafiri mara moja, kwa treni, kucheza Tabora. Jukwaa la huko lilikuwa la saruji, nasi hatukuwa na uwezo wa kusafirisha sakafu, kwa hiyo mwalimu aliondoa miruko yote ya wapagazi akaweka mwendo wa kunyata chini ya mzigo. Atakayewaalika aulizwe kwanza jukwaa limetengenezwa kwa nini.

Tatizo ambalo bado tunalishughulikia ni Januari. Kila mwaka wachezaji wetu hodari huchaguliwa kwenda shule za bweni mikoa mingine, na kikundi huondokewa na safu nzima kwa wiki moja. Tumeanza kuliandika onyesho katika daftari: michoro ya mistari, hesabu za kila hatua, mapigo ya mzee kwa maneno yake, vipimo vya maleba, pamoja na video za simu zilizohifadhiwa sehemu mbili. Mwaka huu wasichana wawili wa kidato cha tatu wanaosoma kutwa ndio waliowafundisha wadogo sehemu ya wapagazi, mwalimu akirekebisha magoti tu, na ilichukua muda mrefu kuliko tulivyotarajia kwa sababu daftari halikuonyesha nani anatangulia kugeuka. Sasa linaonyesha. Kikundi chochote kinachotaka kunakili mpangilio wa daftari hilo kinakaribishwa kuja na karatasi na kalamu, Jumamosi yoyote baada ya kipindi cha wadogo.